Sura ya Tano: Mwimbaji Aliyenyamazishwa

Dola zilizowaogopa washairi ni nyingi, na zilizowaogopa wahubiri ni nyingi zaidi. Lakini dola iliyomwogopa mwimbaji wa nyimbo za mapenzi na za bahari, mtu wa suti nyeusi na tai ya kipepeo, ambaye dola hiyo hiyo ilikuwa imemtuma mara mbili mbele ya Ulaya nzima akaimbe kwa jina lake, ni jambo la nadra, na kwa hiyo lastahili kuelezwa kwa kituo. Mwimbaji huyo ni Vice Vukov, Mkroatia wa pwani ya Dalmatia. Dola ni Yugoslavia ya Josip Broz Tito, ambaye wazee wetu watakumbuka kuwa alizuru Tanzania na Kenya mwanzoni mwa mwaka 1970, akiwa kinara wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Nchi hiyo, iliyosifiwa ugenini kwa uhuru wake baina ya kambi mbili kubwa za dunia, ilikuwa na hesabu nyingine kabisa ya uhuru nyumbani kwake, na maisha ya Vukov ni mahali pazuri pa kuisoma hesabu hiyo.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1936 katika mji wa Šibenik, pale ambapo mto Krka, ukiisha kushuka maporomoko yake, huingia katika Bahari ya Adria. Miji mingine ya pwani ile hujisifu kwa asili ya Kirumi au ya Kigiriki. Šibenik, ambayo jina lake limetajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya mfalme Petar Krešimir wa Nne mwaka 1066, hujisifu kinyume cha hayo, kwamba iliasisiwa na Wakroatia wenyewe. Fahari hiyo haikuwakinga na watawala wageni. Wavenezia waliikalia tangu mwaka 1412 hata 1797, wakafuatwa na wengine, na kila mmoja aliondoka akiacha nyuma yake jengo, neno, au chakula. Katika majengo hayo lililo bora ni kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, lililoanza kujengwa mwaka 1431, lote kwa jiwe tangu msingi hadi kuba, na ambalo fundi Juraj Dalmatinac alilizungushia kwa nje safu ya vichwa vya mawe, si vya malaika wala manabii, bali vya watu wanaoaminika kuwa ni wakaazi wa mji wake, wenye mashavu, ndevu na makunyanzi yao.

Ni mji mdogo, lakini umejaaliwa kutoa waimbaji. Vukov alipokuwa anakaribia kutimiza miaka miwili alizaliwa humo Arsen Dedić, aliyekuja kuwa mtunzi na mshairi wa nyimbo aliyeheshimiwa kuliko wote katika Kroatia, na mwaka 1941 akazaliwa Mišo Kovač, aliyekuja kupendwa na umma mpana kwa namna ambayo wenzake wawili hawakuijua. Atakaye kuueleza wingi huu kwa sababu moja atakosea, ila ni dhahiri kwamba mtoto wa Dalmatia hukua katikati ya uimbaji wa klapa, ambao ni uimbaji wa jamaa wachache waliosimama duara, aghalabu pasipo ala yoyote, sauti ya juu ikitangulia na nyingine zikiitandikia chini. Uimbaji huo UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2012. Anayefunzwa kuimba kwa njia hiyo hujifunza mapema kusikiliza wenziwe kabla ya kuinua sauti yake mwenyewe.

Alipokuwa hajatimiza miaka mitano majeshi ya Mussolini yaliutwaa mji, na Šibenik ikatiwa rasmi katika ufalme wa Italia hata Septemba 1943. Ajabu ni kwamba kijana huyu, alipokwenda Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, kusoma chuo kikuu, alichagua falsafa pamoja na lugha ya Kiitaliano. Au tuseme si ajabu, maana pwani ile ilikuwa imekizoea Kiitaliano karne nyingi kabla ya Mussolini, na watu wake walijua kuitenga lugha na serikali iliyoitumia. Falsafa ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Huyu hakuwa mtu aliyekimbilia jukwaani kwa kukosa pengine pa kwenda, na wote watakaostaajabu baadaye kwa nini mwimbaji wa maburudisho alishika neno lake kwa ukaidi kiasi kile, hawana budi kukumbuka kwamba alikuwa amesoma.

Muziki alioingia ndani yake mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa na taratibu zake. Tito alikuwa amefarakana na Stalin mwaka 1948, na tangu hapo milango ya magharibi ilifunguliwa kidogo kidogo: filamu, vitambaa, jazi, na hasa nyimbo za Italia, ambazo mawimbi ya redio yalizivusha bahari bila kuomba ruhusa ya mtu. Kampuni ya santuri ya Jugoton ilikuwapo Zagreb tangu mwaka 1947. Likaanzishwa tamasha la nyimbo la Zagreb mwaka 1953, likafuata la Opatija mwaka 1958, na la Split mwaka 1960, yote yakiiga kwa kiasi fulani lile la Sanremo la Waitaliano. Katika matamasha hayo kilichoshindanishwa kilikuwa wimbo, wala si mwimbaji. Kwa sababu hiyo ilikuwa desturi wimbo mmoja kuimbwa mara mbili usiku ule ule na waimbaji wawili mbalimbali, ili waamuzi waupime utungo wenyewe mbali na uzuri wa sauti iliyoubeba. Mbele ya okestra kubwa ya redio mwimbaji alisimama wima, mikono ikiwa imetulia, akatoa wimbo kama wakili atoavyo hoja. Mkubwa wa kizazi kilichotangulia alikuwa Ivo Robić, na vijana wote waliokuja nyuma yake walipimwa kwa kipimo chake.

Vukov alikifikia kipimo hicho kwa njia yake. Sauti yake ilikuwa ya kina na ya joto, na haikujua pupa. Alilitamka kila neno likakamilika, hata msikilizaji asiyejua lugha aliweza kuhesabu silabi. Wapo waliosema kwamba alikuwa mkavu, na mimi, niliyemsikiliza kwa muda mrefu katika santuri zake, naona kwamba waliosema hivyo walizoea waimbaji wanaolia kabla ya msikilizaji hajapata sababu ya kulia. Ustadi wake hudhihirika zaidi anapotoka nje ya pwani yake. Wimbo uitwao *Suza za zagorske brege*, yaani chozi kwa ajili ya vilima vya Zagorje, ni wimbo wa bara, wa mashamba ya mizabibu na vijia vya kaskazini mwa Zagreb, na umetungwa kwa lahaja ya Kikajkavi, ambayo kwa mtu wa Dalmatia iko mbali kama ilivyo lahaja ya Kingazija kwa mtu wa Tanga. Vukov aliimba lahaja hiyo bila kuifanyia mzaha na bila kujisingizia kuwa mwenyeji wake, na wenyeji wa Zagorje wakamridhia, wakaufanya wimbo ule kuwa wao hata leo. Nauona kuwa ndio kilele cha kazi yake, juu ya zote zilizomletea tuzo.

Mwaka 1963 alichaguliwa kuiwakilisha Yugoslavia katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision, yaliyofanyika London tarehe 23 Machi. Yugoslavia ilikuwa nchi pekee ya kijamaa iliyokubaliwa katika mashindano hayo, na watawala wake waliyapenda kwa sababu hiyo hasa: yalikuwa ushahidi unaoonekana, ndani ya sebule za watu, kwamba wao si watumwa wa Moscow. Wimbo wake ulikuwa *Brodovi*, yaani merikebu, utungo wa Mario Nardelli. Waingereza mwaka ule walikuwa wamebuni mpango wa kigeni: waimbaji na okestra waliwekwa katika studio moja, na watazamaji pamoja na ubao wa alama wakawekwa katika studio nyingine, hata mwimbaji aliimbia kamera na nafsi yake, makofi yakipigwa penginepo. Nchi zilikuwa 16. Vukov akapata alama 3 na nafasi ya 11. Ni machache, lakini nchi nne ziliondoka pale bila hata alama moja, na Yugoslavia yenyewe ilikuja kuonja sifuri hiyo mwaka uliofuata kwa mwimbaji mwingine. Mwaka 1965 akarudishwa tena, safari hii Napoli, katika nchi ya lugha aliyoisomea, akaimba *Čežnja*, wimbo wa shauku na utamanifu. Akapata alama 2 na nafasi ya 12 kati ya nchi 18. Msichana wa Kifaransa, France Gall, aliyeiimbia Luxembourg, ndiye aliyeshinda, na kwa wimbo wake wa kasi na wa kitoto ulidhihirika mwelekeo ambao muziki wa Ulaya ulikuwa unaufuata. Watu wa tai ya kipepeo walikuwa wameanza kupitwa na wakati bila ya kujua.

Nyumbani, hata hivyo, alama za Napoli hazikumpunguzia kitu. Miaka ya 1960 ilikuwa yake: matamasha, santuri, redio, safari za ng'ambo kuwaimbia Wakroatia waliohamia nchi za mbali. Tuipite haraka miaka hiyo ya neema, kwani mafanikio ya waimbaji hufanana, na tuje katika mwaka 1971, ambao hakuna Mkroatia aliyekuwa mtu mzima wakati ule anayehitaji kuelezwa kwamba ulikuwa mwaka gani.

Chanzo kilikuwa fedha na lugha. Pwani ya Dalmatia ilikuwa imeanza kufurika watalii wa Kijerumani na wa Kiitaliano, na maelfu ya Wakroatia walikwenda kufanya kazi Ujerumani Magharibi na kupeleka mishahara yao kwao. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo za kigeni ilikwenda kukusanyika katika benki na makampuni ya Belgrade, mji mkuu wa shirikisho, na Wakroatia waliuliza kwa nini. Katika upande wa lugha, waandishi na jumuiya za elimu walikuwa wametoa tamko Machi 1967 wakidai kwamba lugha ya fasihi ya Kroatia itambuliwe kwa jina lake na kwa hadhi yake, tamko lililotiwa saini hata na Miroslav Krleža, mwandishi mkuu wa nchi na sahibu wa Tito. Viongozi wa chama cha Kikomunisti cha Kroatia, Savka Dabčević-Kučar na Miko Tripalo, badala ya kuyazima madai hayo waliyachukua yakawa yao. Walikuwa makomunisti, wala hawakukusudia kuivunja Yugoslavia. Walitaka kila jamhuri ishike mfuko wake. Umma ukawafuata kwa wingi usiopata kuonekana, na katika umma ule mtu wa kuimba alikuwa Vice Vukov.

Aliimba nyimbo za nchi, ukiwamo ule uitwao *Tvoja zemlja*, nchi yako. Anayeusikiliza leo kwa masikio ya mgeni atashangaa kuna nini cha kuogopesha ndani yake: hauna jeshi, hauna adui, hautukani taifa lolote. Tungo za kusifu ardhi ya kuzaliwa ziliimbwa katika kila jamhuri ya Yugoslavia, na Tito mwenyewe alizipigia makofi. Wakaguzi wa chama, hata hivyo, walifahamu kwamba hatari ilikuwa katika namna watu walivyopokea, pale ukumbi mzima uliposikia sifa za ardhi na kila mmoja moyoni mwake akaijaza mipaka aliyoitaka yeye. Mtunzi aweza kushitakiwa kwa beti zake. Lakini makofi hayana mwandishi, na serikali iliyotaka kuyaadhibu haikuwa na wa kumshika ila yule aliyesababisha yapigwe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatia yote ya Vukov, na siamini kwamba mahakama yoyote ingaliweza kuiandika katika hati ya mashitaka bila ya kuona haya.

Novemba 1971 wanafunzi wa chuo kikuu cha Zagreb waligoma. Tarehe 1 Desemba Tito aliwaita viongozi wa Kroatia Karađorđevo, katika kasri lake la uwindaji, akawakaripia. Na katika muda wa majuma mawili Dabčević-Kučar na Tripalo wakawa wamejiuzulu. Mwezi wa Januari 1972 polisi waliwakamata watu mashuhuri wa Matica hrvatska, jumuiya kongwe ya utamaduni iliyokuwa imeasisiwa mwaka 1842, na miongoni mwa waliotiwa ndani alikuwamo mwanahistoria mmoja aliyewahi kuwa jenerali, Franjo Tuđman, ambaye jina lake litarudi. Vukov alikuwa safarini Australia akiwaimbia wahamiaji. Huko huko akapata habari kwamba akirejea atakamatwa. Hakurejea; alikwenda Paris, akakaa uhamishoni hata mwaka 1976.

Alikuwa na umri wa miaka 35 habari hizo zilipomfikia, umri ambao sauti ya mwanamume wa aina yake ndiyo kwanza inakomaa. Paris ilikuwa na Wakroatia wake, lakini nyimbo zake hazikuwa bidhaa ya Paris. Mwimbaji wa lahaja za Dalmatia na Zagorje anapotenganishwa na wanaozisema hupoteza zaidi kuliko mpiga fidla, ambaye ala yake husikika popote. Angaliweza kubaki huko daima na kuishi kwa kuimba katika mikutano ya wahamiaji wenye hasira. Akachagua kurudi Zagreb, akijua kwamba anarudi nyumbani pasipo kurudi kazini.

Basi ikaanza ile sehemu ya maisha yake isiyo na tarehe. Hakuruhusiwa kuimba hadharani. Redio iliyokuwa imemlea haikumpiga tena. Santuri zilizokuwa zimeuzwa zilibaki makabatini mwa watu, na asiyekuwa nazo hakumsikia. Adhabu ya namna hii ina uzuri mmoja kwa mwenye kuitoa, kwamba haitaki hakimu wala gereza, wala haiachi picha ya mfungwa ambayo magazeti ya kigeni yaweza kuichapa. Mtu yuko mjini, anaonekana sokoni, anasalimiwa, lakini kazi yake imeondolewa chini ya miguu yake. Vukov akajishughulisha na vitabu, kwa kuhariri na kufasiri, na elimu aliyoipata ujanani ikamlisha. Tito alifariki Mei 1980, na marufuku hayakufariki pamoja naye. Ukijumlisha miaka ya Paris na ile ya Zagreb utapata kumi na saba, na katika muda huo walizaliwa na kubaleghe watoto ambao jina la Vice Vukov kwao lilikuwa ni jambo ambalo wazazi walilitaja kwa sauti ndogo.

Mwaka 1989, chama kilipokuwa kimelegea katika nchi nyingi za mashariki ya Ulaya, akaruhusiwa. Alirudi jukwaani katika ukumbi wa Vatroslav Lisinski wa Zagreb, mkubwa na bora kuliko kumbi zote za nchi, ambao ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1973 wakati yeye yuko Paris, na ambao kwa hiyo alikuwa hajapata kuimba ndani yake. Tikiti zilikwisha, wakaongeza matamasha, nazo zikakwisha tena. Sauti ya mtu aliyepita miaka 50 iliyokaa bila kazi si ile ya miaka 35, na santuri za baadaye zinalionyesha hilo kwa haki. Lakini waliojaa mle hawakuja kupima sauti. Wengine, nadhani, walikuja kujitazama wenyewe, walivyokuwa mwaka 1971, na bila ya shaka walikuwamo pia waliokaa kimya kwa raha zao miaka yote ile na sasa wakapiga makofi kwa nguvu kuliko wengine.

Hapa ndipo mwandishi mwenye haraka angemfanya Vukov nabii wa Kroatia huru na kuishia hapo. Yeye hakukubali cheo hicho. Kroatia ilipojitenga mwaka 1991 chini ya Tuđman, yule yule mfungwa wa mwaka 1972, kila njia ilikuwa wazi kwa mwimbaji aliyeteswa kwa ajili ya taifa lake ili apambwe na kuwekwa katika safu ya mbele ya sherehe. Vukov alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, wa fikra zile za kina Tripalo, na alibaki humo. Uzalendo aliouimba haukuwa na haja ya adui, na miaka ya 1990, iliyokuwa ya vita, haikuwa na subira na uzalendo wa namna hiyo. Aliandika kumbukumbu zake za mwaka 1971, akazipa jina la wimbo wake, *Tvoja zemlja*.

Mnamo Novemba 2003 akachaguliwa kuwa mbunge wa Sabor, bunge la Kroatia, akiwa mtu asiye na chama katika orodha ya wagombea wa chama cha SDP cha Ivica Račan. Msomaji na asimame hapa kidogo, kwa maana SDP ndicho mrithi wa moja kwa moja wa kile chama cha makomunisti wa Kroatia ambacho, kiliposafishwa baada ya Karađorđevo, kilimnyima jukwaa. Waliomlaumu walikuwapo, na lawama yao inaeleweka. Lakini chama kile kile ndicho kilichokuwa cha Dabčević-Kučar na Tripalo kabla ya kusafishwa, na mtu aliyeamini mwaka 1971 kwamba ujamaa na haki ya Kroatia vyaweza kukaa nyumba moja hakuwa na sababu ya kudhani, miaka thelathini na miwili baadaye, kwamba nyumba hiyo ni ya waliomfukuza. SDP ilishindwa katika uchaguzi ule. Vukov akakaa katika viti vya upinzani.

Tarehe 17 Novemba 2005 aliteleza katika ngazi za jengo la Sabor, akaanguka na kuumia vibaya kichwani. Akazama katika usingizi wa maradhi ambao hakuamka, na akafariki Zagreb tarehe 24 Septemba 2008, akiwa na umri wa miaka 72.

Jugoton, iliyokuwa imezinasa nyimbo zake, nayo ilibadilishwa jina baada ya kuvunjika kwa Yugoslavia, ikawa Croatia Records, ikarithi ghala lote la kanda za zamani, na nyimbo za Vukov zikatolewa upya kutoka ghala hilo na kuuzwa katika maduka ya Zagreb. Mnunuzi wa leo hupata *Brodovi* na *Suza za zagorske brege* katika mkusanyiko mmoja, zikiwa zimepangwa bila ya kujali kwamba baina yake na nyimbo za uzeeni kuna pengo la miaka kumi na saba. Na wengi wanaomwimba katika harusi za Zagorje ni vijana waliozaliwa baada ya marufuku kuondolewa, ambao ukiwauliza habari za Karađorđevo watakuelekeza kwa babu zao.